Kamba Isiyo na Mwenyewe

Watu wa kwetu Bariadi wana msemo mmoja unaonikera kupita yote: "turubai limeangushwa na upepo." Nimeusikia misibani, nimeusikia harusini, nimeusikia minadani, na kila mara unasemwa kwa sauti ya upole, kama vile mtu anayetoa pole. Baada ya kusemwa hakuna anayeulizwa kitu. Vijana wanakusanya mabomba, akina mama wanaokota vyungu, aliyeumia anapelekwa hospitali, na shughuli inaendelea chini ya mwembe.

Mimi nasema msemo huo ni uongo, ingawa wanaousema si waongo. Upepo wetu si mgeni. Ulikuwapo kabla ya maturubai na utakuwapo yatakapokwisha kuchakaa. Turubai huanguka kwa sababu limesimamishwa na watu ambao hawakulifunga, na halikufungwa kwa sababu kamba zake hazina mwenyewe. Naomba msomaji anivumilie nikieleza, maana katika jambo hili nina hasira na sitaki kuificha.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kupima pamba katika chama cha msingi, enzi zile Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, kabla mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo maturubai nayajua, ila nayajua kutokea upande wa pamba. Lori likishapakiwa, utingo alipanda juu ya mzigo na turubai lake, akalitandaza, akashuka, kisha akaanza kuvuta kamba ndoano kwa ndoano, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye bodi la gari. Akimaliza, dereva mwenyewe alizunguka lori zima akipigapiga kila kamba kwa kiganja. Kamba iliyolegea alikuwa akiijua kwa mlio wake, naye hakuwa na haya ya kusema, "Hii rudia." Wakienda mwendo mfupi tu, dereva alisimamisha gari akazikaza upya, kwani mzigo ukishatikisika hujipanga na kamba hulegea. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu pamba ikimwagika njiani au ikilowa, kulikuwa na mtu wa kulipa, na mtu huyo alijulikana kwa jina na kwa sahihi yake katika kitabu changu.

Sasa nenda msibani. Chini ya turubai wameketi watu mia mbili: wajane, wazee wasioweza kukimbia, watoto wamelala kwenye mikeka. Juu yao kuna mabomba ya chuma. Tafuta sahihi ya aliyefunga kamba zile. Mwenye msiba atakwambia amemwachia mkodishaji. Mkodishaji yuko mjini, amewaachia vijana wake. Vijana walikuja saa moja asubuhi, wakasimamisha, wakachukua chai na maandazi, wakaondoka kwenda kusimamisha jingine. Kamba wamemwachia Mungu. Mzigo wa pamba tuliulinda kuliko tunavyomlinda mjane.

Na hebu tuzitazame hizo kamba. Turubai la kawaida lenye mabomba lina pembe nne na nguzo za kati, na kila nguzo inataka kamba yake kwa nje. Mara nyingi nahesabu nne tu, moja kila pembe, mbili kati ya hizo zikiwa zimefungwa kwenye vigingi, ya tatu kwenye jiwe, ya nne kwenye pikipiki. Sifanyi mzaha. Nimekuta turubai la harusi limetiwa nanga kwenye pikipiki ya kijana wa bodaboda, naye abiria alipopatikana alifungua fundo kwa adabu kabisa na nanga yetu ikaondoka kwenda Somanda. Wengine hufunga kwenye gari la mgeni mheshimiwa, wakidhani gari ni zito, nalo ni zito kweli, ila mheshimiwa huondoka mapema kuliko wote.

Jiwe nalo tunaliamini mno, labda kwa sababu nchi yetu imejaa mawe. Fanya hesabu nami. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali, mara nyingi hutaja kasi ya kilomita 40 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo ukipiga kitu kilichosimama wima mbele yake, husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 8 katika kila mita moja ya mraba. Turubai la mita 5 kwa 10 lina mita 50 za mraba. Ukiliingia upepo kwa chini na kulijaza, hapo tunazungumzia kilo 400 hivi zinazotaka kuondoka. Na hapo ndipo watu wengi hawaelewi: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa kilomita 80 kwa saa tumeshapita tani moja na nusu. Wewe umeweka mawe manne ya kilo 20 kila moja, umeridhika, umekaa.

Tena jiwe lililowekwa tu juu ya ardhi halishiki kitu, linaburutwa. Likinyanyuliwa na kamba kwa kushtukizwa ni hatari kuliko kutokuwapo kwake, kwa maana sasa una turubai linaloruka likiwa na jiwe mkiani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujuzi wa kushika ardhi tunao. Wasukuma waliigawa ardhi hii kwa majina zamani sana, na mkulima yeyote wa Itilima au Maswa atakwambia amesimama juu ya udongo gani bila kuinama. Kule juu karibu na mawe kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakuta itogolo, udongo ambao kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi. Kwa majina hayo tunachagua pa kupanda mpunga na pa kupanda mihogo. Lakini kijana wa turubai anakuja na vigingi vyake vilevile vya urefu wa kiganja na nusu, anavipigilia popote, kama vile nchi nzima ni udongo mmoja.

Kwenye luseni kigingi kifupi huingia kwa mapigo mawili na hutoka kwa mvuto mmoja. Pale hakuna haja ya kigingi kabisa. Chimba mtaro mfupi wa kina cha mapajani, funga kamba katikati ya gogo, lilaze gogo ndani likiwa limekingama na mvuto wa kamba, fukia, shindilia kwa miguu. Kiroba kilichojazwa mchanga kinafaa vilevile badala ya gogo. Wavuvi wa dagaa wa Busega, kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke, hawakufundishwa hilo na mtu. Nimewakuta ufukweni na vibanda vyao vya kuhamahama vya nailoni na miti, kamba zimezama mchangani, na nilipouliza zimefungwa wapi, mzee mmoja alicheka akaniambia, "Chini, baba. Juu hapa kuna nini cha kufungia?" Wale wanalala ndani ya vibanda hivyo na ziwa linawapulizia kila siku. Kamba zao zina mwenyewe.

Itogolo inataka mtaimbo kwanza. Vijana wakipiga kigingi mara tatu kikagoma, huacha nusu yake nje na kufunga kamba kwenye kile kichwa kilichobaki juu, na hapo ndipo wamekigeuza kuwa wenzo wa kujing'olea. Toboa kwa mtaimbo, kisha pigilia mpaka kibaki kichwa tu, na kamba ikae chini kabisa, inapogusa udongo. Kwenye mbuga wakati wa mvua kigingi kimoja hakitoshi hata kikiwa kirefu, kwa kuwa udongo wenyewe unakiachia taratibu. Weka viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kichwa cha cha mbele ukifunge kwenye shina la cha nyuma, ili cha mbele kikitaka kulala kishikwe. Kiangazi usipigilie kwenye ufa. Inashangaza kulazimika kuyaandika haya kwa watu wanaofunga ng'ombe dume kila jioni.

Na kigingi kilalie nje, kichwa kikiipa hema kisogo. Wengi hukisimamisha wima, na wengine hukiinamisha kuelekea turubai, ili kamba iteleze itoke kwa urahisi kabisa.

Kuhusu kamba zenyewe nitasema machache. Katani ikilowa hujikunja na kuwa fupi, ikang'oa kigingi bila upepo wowote. Nailoni ikilowa hunyooka, turubai likaanza kupiga makofi, na turubai linalopiga makofi limeshaanza kujifungua. Kwa hiyo kamba yoyote inataka kutazamwa mvua inapoanza. Sijapata kuona kijana wa turubai akiwapo mvua inapoanza.

Mpwa wangu anayeishi Minnesota, Marekani, aliwahi kunieleza jambo ambalo nililikataa mpaka aliponiletea picha. Kule maziwa huganda majira ya baridi yakawa magumu kiasi cha kubeba magari, na watu huenda katikati ya ziwa, wakatoboa tundu, wakavua samaki wakiwa wameketi ndani ya vibanda vya kitambaa vinavyokunjwa na kubebwa mkononi. Hakuna mti kule, hakuna jiwe, hakuna udongo. Kuna barafu laini kama kioo, na upepo usiozuiwa na kitu. Kibanda kisichofungwa kitateleza hadi ng'ambo. Basi kila mmoja hubeba misumari mirefu yenye hesi, akaizungusha ndani ya barafu mpaka ikashika. Lakini kilichonigusa ni utaratibu. Huanza kufunga upande ambao upepo unatokea, kibanda kikiwa bado kimelala chini, na ndipo hukiinua. Sisi huinua kwanza, watu wanane wakishikilia nguzo na kupiga kelele, halafu tukaanza kuuliza nyundo iko wapi.

Tazama basi: mtu anayevua samaki wa kujifurahisha anafunga kibanda chake cha saa tatu kwa uangalifu kuliko sisi tunavyofunga turubai la matanga ya siku nne.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza litakuwa la fedha: vigingi virefu ni ghali, na mkodishaji ni mtu mdogo. Mkodishaji huyo huyo amenunua spika zinazotikisa madirisha ya kijiji cha jirani. Nondo moja ya milimita 16 ina mita 12. Mpelekee fundi wa kuchomelea, akukatie vipande kumi na viwili vya mita moja, avichonge ncha na kuvichomelea pete kichwani. Turubai lako limepata vigingi vya maisha, na vijukuu wako watavirithi. Ni bei ya viti vichache vya plastiki, navyo huvunjika kila wiki na hununuliwa tena bila manung'uniko.

Jibu la pili ndilo linalonyamazisha mkutano: "Upepo ni wa Mungu." Sawa, ni wa Mungu. Na kigingi ni cha nani? Mwaka mmoja, mwezi Novemba, nilikuwa msibani katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nisije nikawaongezea wafiwa uchungu. Saa nane mchana wingu jeusi lilisimama upande wa mashariki. Ulipita ukimya, kisha vumbi likaonekana likija kama ukuta. Watu walifanya nini? Walikimbilia ndani ya turubai. Waliokuwa nje kwenye mafiga waliingia, watoto wakaitwa waingie, na mtu mwenye huruma akateremsha mapazia ya pande tatu ili mvua isiwalowanishe wafiwa, akaacha wazi upande mmoja, ule ambao upepo ulikuwa unatokea. Kwa dakika moja turubai lilikuwa puto. Kamba ya pembeni ilikatika, kigingi kimoja kikapita juu ya vichwa vya watu kikilia, na bomba la katikati likamwangukia mama mmoja begani. Mtulinga wake ulivunjika. Hadi leo hawezi kuinua ndoo ya maji kichwani, na ni mkulima, hana mshahara. Jioni nilimsikia mkodishaji akiwaambia wazee, "Poleni sana, upepo wa leo haukuwa wa kawaida." Wazee wakaitikia. Na fedha ya turubai akalipwa, yote.

Upepo ule ulikuwa wa kawaida kabisa. Wingu la mvua linapokomaa, hewa baridi huporomoka kutoka juu yake pamoja na matone ya kwanza, ikagonga ardhi na kusambaa pande zote kwa kasi, ndiyo maana pepo hizo hutangulia mvua kwa dakika chache. Zinakuja kila mwaka mvua zinapoanza, kuanzia Oktoba, na huja zaidi alasiri. Mtoto wa shule ya msingi wa Meatu anaziona na kuingiza mbuzi ndani. Kwa hiyo dakika ambayo sisi hukimbilia chini ya turubai ndiyo dakika ya kutoka chini yake. Kama kuna nyumba, watu waende nyumbani. Kama hakuna, wakae nje walowe. Mvua haivunji mtulinga.

Hapa sasa ndipo penye ugumu wenyewe, na ndipo ninapogombana hata na rafiki zangu. Nani atasema? Nani msibani atasimama, mbele ya mchungaji anayehubiri au mzee anayetoa historia ya marehemu, aseme, "Ndugu zangu, tokeni, tunalishusha"? Mwenye msiba ana majonzi, hawezi. Mwenyekiti wa kitongoji anaogopa kuonekana amevuruga maziko. Kijana mwenye macho ya kuona kamba inavyolegea hana umri wa kusema. Basi wote huitazama ile kamba, na nimekwisha kuwaona watu kumi wakiitazama kamba moja inayocheza kwenye kigingi, kila mmoja akimngoja mwingine. Adabu yetu ni nzuri, sitaki ibadilishwe. Nataka apatikane mtu mmoja ambaye kusema hivyo ni kazi yake, ili asihesabiwe kuwa amekosa adabu, kama vile mchinja ng'ombe asivyohesabiwa kuwa mkatili.

Tuna mahali pa kujifunzia, tena karibu. Uwanja wa Nyakabindi, hapa hapa Bariadi, ulipokea maonesho ya Nane Nane kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Agosti ni kiangazi kikavu, na kisulisuli cha mchana huinua vumbi na karatasi hadi usipaone unapokwenda. Mabanda ni mengi, ya kitambaa na ya bati. Nenda siku ya maonesho uangalie kwa macho yako: banda la mwenye mali ndani, mashine au mbegu au simu, limefungwa kila nguzo. Sogea kwenye kivuli walichowekewa wananchi wa kuketi, uhesabu kamba.

Wapo watakaosema serikali itunge sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na sidhani kama mkaguzi atapata siku ya kuja Nkololo kutazama turubai la matanga. Simngoji. Kila kijiji chetu kina kikundi cha kufa na kuzikana, chenye daftari, mweka hazina na faini za wasiohudhuria. Tunamtoza faini asiyeleta kuni. Basi kikundi hicho kimwambie mkodishaji maneno matatu kabla ya kumpa hata shilingi moja: turubai lako litakuja na kamba kwa kila nguzo na vigingi vya mita moja, litakuja na mtu wako ambaye atakaa nalo mpaka litakaposhushwa, atakula kwetu na kulala kwetu, na mtu huyo akisema watu watoke, watatoka, hata kama anayezungumza ni askofu. Jina lake liandikwe kwenye daftari. Nusu ya fedha ilipwe likishakunjwa.

Wakodishaji watagoma, hilo nalijua. Watasema hawana watu wa kutosha wa kuacha kila msiba. Watakuwa wamekiri basi kwamba wanakodisha maturubai mengi kuliko wanayoweza kuyashika, na hapo tutawaachia wayapunguze. Miembe ipo. Babu zetu walizikana chini yake, na sijasikia mwembe ulioruka na jiwe mkiani.

Katika kikundi chetu nimelipeleka shauri hili mara mbili. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili mweka hazina aliniuliza kama nondo inakatwa bure au fundi anatoza kwa kipande, nikamwambia anatoza kwa kipande, naye akaandika.